JIKO LA SAFARINI: TUBEBE LIPI, NA TULITUMIE VIPI?

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Methali hii tumeifafanua darasani mara nyingi, na kila mara jibu ni lile lile: umoja ni nguvu. Alama mbili, kaa chini. Lakini ni wangapi miongoni mwetu, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, waliowahi kulifikiria jifya lenyewe? Waliotunga methali hiyo walikuwa watu wa kupika nje. Walijua kwamba mafiga yakikaa vibaya chungu hupinduka, na chungu kikipinduka watu hulala njaa.

Nimeombwa na Chama niandike habari za jiko la kubeba safarini. Sababu inajulikana. Wenzetu walio katika Tuzo ya Rais, mpango ulioanza hapa Kenya mwaka 1966, hutakiwa kusafiri kwa miguu na kulala nje: mara moja kwa daraja la shaba, mara mbili kwa fedha, mara tatu kwa dhahabu. Maskauti nao wana safari zao. Kila safari inapokaribia, ubishi huanza. Huyu anataka gesi kwa kuwa ameiona katika picha za wapanda milima. Yule anasema kuni zimejaa porini, kwani jiko ni la nini? Wa tatu anaitaka stovu ya mama yake, na mama mwenyewe hajaulizwa. Kila mmoja anatetea jiko alilolizoea, wala hakuna anayeuliza kwanza: tunakwenda wapi, tuko wangapi, na tutakunywa maji gani?

Hilo ndilo swali langu, na nitalishikilia hadi mwisho. Jiko halichaguliwi kwa uzuri wake. Huchaguliwa kwa maji, kwa upepo na kwa idadi ya midomo.

Tutazame basi nchi yetu. Garissa si Mlima Kenya. Mji wetu uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ardhi ni tambarare, na mchana jua halina huruma. Baridi haitusumbui. Kinachotusumbua ni upepo, hasa miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, unaovuma kutwa na kuubeba moto upande upande. Nyasi nazo hukauka zikawa kama karatasi. Cheche moja ikiruka huko Ijara inaweza kula malisho ya ng'ombe wa watu, na malisho ya hirola pia, yule swala ambaye duniani kote amebaki hapa kwetu na mpakani mwa Somalia, nao sasa hawazidi mia chache. Maji ya kutegemea ni ya Mto Tana, na Tana mnaijua rangi yake. Ni kama chai iliyotiwa maziwa mengi.

Wanaoijua nchi hii kuliko sisi ni wachungaji. Mchungaji wa ngamia hutembea siku nyingi bila jiko lolote mgongoni, wala hafi njaa. Ana maziwa katika chombo kilichofukizwa kwa kijinga cha moto ili yasiharibike upesi, ana susa iliyochacha, na akiwa na bahati ana nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa mpaka ikakauka na kuhifadhiwa katika mafuta. Nyirinyiri iliyotengenezwa vizuri hukaa miezi. Moto wake yeye ni wa chai tu. Sisi tunabeba maharagwe mabichi yanayochemka saa tatu, halafu tunalia kwamba jiko ni bovu! Kwa hiyo kabla hujachagua jiko, chagua chakula. Mchele, tambi, dengu zilizoloweshwa tangu asubuhi, tende, nyirinyiri: hivyo ndivyo vyakula vya mtu wa miguu. (Nasema tambi za kula. Tambi za stovu zinakuja baadaye.)

Sasa tuje kwenye meko yenyewe.

Mafiga matatu hayana uzito wala bei, na mawe, pale yanapopatikana, huachwa pale pale. Aibu yake ni kwamba joto jingi huenda na upepo. Katika kila vijiti saba unavyochoma, huenda kimoja tu ndicho kilichoingia sufuriani. Pia moto wa wazi ndio unaorusha cheche. Na kuni zenyewe zina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa tangu mwaka 1991, akina mama na wasichana walilazimika kwenda mbali porini kutafuta kuni, na wengi walivamiwa na kubakwa huko. Ilibidi mwaka 1998 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lianze kugawa kuni kambini, kazi iliyosimamiwa na shirika la Ujerumani, GTZ, ili safari hizo zipungue. Siandiki haya ili kutishana. Naandika ili yule anayesema "kuni zimejaa porini" ajue kwamba mtu hatumwi kuni peke yake, hatumwi jua likizama, na msichana hageuzwi mwokota kuni wa kundi zima kwa kuwa tu ni msichana. Kuni ziokotwe mchana, njiani, na kila mtu aongeze kijiti katika mzigo wake.

Kuni gani? Usikate mgunga ulio hai. Mbuzi hula maganda yake na binadamu hukaa kivulini mwake. Kuna mti mwingine ambao hakuna atakayekulaumu ukiuchoma: mathenge. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1973 kupandwa katika machimbo ya Bamburi, na mwanzoni mwa miaka ya themanini ukapandwa karibu nasi, katika miradi ya umwagiliaji ya Bura na Hola. Nia ilikuwa njema. Leo umefunga njia na kuingia malishoni, na huko Baringo wenyeji walifika mahakamani mwaka 2006 na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu, awe ushahidi! Lakini haki ya adui nayo itolewe: mathenge ni kuni safi. Mti wake ni mzito, huwaka kwa joto kali, na hata vijiti vyembamba kama kidole vinatosha. Tahadhari ni miiba yake, hupenya ndala kama sindano. Vaa viatu.

Vijiti hivyo ndivyo chakula cha jiko ninalolipenda kuliko yote, jiko la kopo. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, la kilo 2 au zaidi. Toboa matundu kuzunguka sehemu ya chini ili hewa iingie. Kata mlango mdogo ubavuni, karibu na chini, wa kupitishia vijiti. Weka kijisahani cha bati kilichotobolewa ndani, kiinuke kidogo kutoka kwenye kitako, ili vijiti vikae juu na hewa ipite chini. Juu acha meno matatu ya bati ya kushikilia sufuria, moshi upate pa kutokea. Basi. Fundi wa jua kali atalimaliza kabla hujanywa chai yako. Mwambie tu asitumie bati la mabuti lililopakwa zinki, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Na mara ya kwanza liwashe tupu, mbali na watu, rangi ya nje iungue iishe.

Linafanyaje kazi? Moto hupenda kupanda. Hewa ya moto ikipanda ndani ya kopo, huvuta hewa baridi kupitia matundu ya chini, na hewa hiyo huukoleza moto. Kuta za kopo huzuia upepo usiutawanye. Mmarekani Larry Winiarski aliifikiria kanuni hii kwa makini mwanzoni mwa miaka ya themanini, akatoa jiko la roketi, lenye bomba lililopinda kama kiwiko, na leo ndugu za jiko hilo wako dunia nzima. Siri ya kulitumia ni moja: chomeka ncha tu za vijiti, kisha uzisukume kidogo kidogo kadiri zinavyoungua mpaka zimekwisha. Ukilishindilia kuni, linakosa pumzi na kukufukiza moshi kama nyoka wa shimoni. Likitunzwa hivyo, huokoa theluthi moja ya kuni au zaidi ukilinganisha na mafiga.

Jiko la makaa nitalipita haraka. Lile la udongo ndani na bati nje, lililobanwa kiuno, ni fahari ya mafundi wa Kenya. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa kuigiza jiko la ndoo la Thailand, na nyumbani hakuna ubishi, linaokoa makaa. Waliotoka Somalia nao wana burjiko lao, na chai ya burjiko mwenzangu ina ladha yake. Lakini safarini? Udongo ni mzito na ukianguka umepasuka. Makaa huchelewa kushika, na chakula kikiiva bado yanawaka bure. Tuyaache nyumbani, kwa heshima zote.

Stovu ya mafuta taa ina koo mbili. Ya kwanza ni ya tambi, ile tunayoijua sote. Ni nyepesi, haina fujo, fundi wake hakosekani. Ubaya wake ni kwamba inataka ardhi iliyonyooka na mahali pasipo upepo, ina masizi, na ukiibeba ikiwa na mafuta itamwaga kila kitu shantani. Ya pili ni ya kupampu. Hii asili yake ni Sweden, ambako Frans Wilhelm Lindqvist aliitengeneza mwaka 1892, ikaitwa Primus. Ilifika Ncha ya Kusini na Amundsen mwaka 1911, na kilele cha Everest kilipopandwa mwaka 1953, jiko la aina hiyo lilikuwemo katika mizigo. Badala ya tambi, mafuta husukumwa kwa pampu, hupashwa joto hadi yawe mvuke, na mvuke ndio unaowaka, kwa mwali wa buluu na kelele nyingi. Ni kali kama simba. Lakini inahitaji mkono uliofundishwa: ukiharakisha kupampu kabla haijapata joto, hutema mafuta mabichi yanayowaka.

Mafuta taa yenyewe si rahisi kama zamani. Tangu Septemba 2018 kila lita hutozwa shilingi 18 zaidi, kusudi wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Nawe nunua kituo cha mafuta chenye jina, usinunue chupa ya kando ya barabara. Mafuta taa yaliyoingiwa na petroli ndani ya stovu ni bomu. Si mzaha.

Sasa gesi. Hapa mwalimu wa sarufi aniwie radhi, maana sisi tunajua meko ni wingi wa jiko, lakini mjini meko ni mtungi mmoja wa kilo 6 wenye kichomeo juu! Ni safi, ni upesi, mama yeyote ataupenda. Ila hizo kilo 6 ni za gesi tu. Ukijumlisha na chuma chake, mzigo unapita kilo 12. Kama mmekodi mkokoteni wa punda, sawa. Kama ni mgongo wako, fikiri tena. Vipo vikopo vidogo vya gesi vya wapanda milima, gramu 230 hivi, vyenye kichomeo kinachoingia mfukoni. Kwa watu wawili au watatu ni raha tupu. Vikiisha katikati ya safari, hata hivyo, kijijini hakuna pa kuvijaza. Tena havitaki jua: usikiache kikopo ndani ya gari lililofungwa adhuhuri.

Tupige hesabu kidogo, wenzetu wa fizikia wafurahi. Kuchemsha lita moja ya maji yaliyo na joto la nyuzi 28 kunahitaji kilojuli 300 hivi. Ukizingatia joto linalopotea kwa kila jiko, lita hiyo itakula gramu 125 za kuni kavu kwenye mafiga, au gramu 35 za makaa kwenye jiko la udongo, au gramu 18 za mafuta taa, au gramu 13 za gesi. Ni makadirio, upepo ukivuma huongezeka. Haya, kundi la watu kumi wanaotembea juani linahitaji lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Hizo ni lita 50. Mkisema mchemshe zote, kwa siku moja mtachoma zaidi ya kilo 6 za kuni, au lita moja na kidogo ya mafuta taa, au vikopo karibu vitatu vya gesi. Zidisha kwa siku tatu. Na bado hamjapika hata kijiko cha wali!

Hapo ndipo penye fundo. Wengi hudhani jiko la safari ni la chakula. Kwa nchi yetu, mlaji mkubwa wa moto ni maji, na maji ya mto hayanyweki hivi hivi. Kipindupindu kinajulikana kwetu, hakina haja ya kuhubiriwa. Lakini si lazima maji yote yapite jikoni. Yateke jioni, yaache yatulie usiku kucha kwenye ndoo. Asubuhi yamimine polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, tope libaki chini. Kisha tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usubiri nusu saa. Usitie dawa kwenye maji yenye tope, tope huimaliza nguvu. Yakiwa bado na wingu, hayo ndiyo ya kuchemsha, na yakitokota kwa dakika moja yanatosha. Kuyaacha yatokote nusu saa ni kuchoma kuni kwa ajili ya mvuke. Mkifanya hivi, kazi ya jiko inabaki ni chai na milo miwili, na hesabu yote inabadilika.

Kwa kundi la watu kumi, basi, ukiniuliza mimi, beba majiko mawili ya kopo kwa vijiti vya mathenge, moja la chai na moja la chakula, na stovu moja ndogo ya tambi pamoja na lita moja na nusu ya mafuta kwa siku za mvua, kuni zinapolowa. Watu wawili au watatu waliojaliwa pesa, wachukue gesi ndogo. Ya kupampu aipewe aliyekwisha izoea.

Kwenye Mlima Kenya mambo ni mengine. Kule Lenana, mita 4,985, maji huchemka yakiwa na nyuzi 84 hivi, kwa hiyo maharagwe usiyabebe kabisa. Gesi ya buteni nayo hukataa kugeuka mvuke baridi ikifika sifuri. Inafaa iliyochanganywa na propeni, au mafuta taa. Kuni huko tusizitaje. Mnamo Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mlima ule.

Turudi kwetu, tuwashe. Fagia nyasi na majani hatua mbili kila upande hadi ubaki mchanga mtupu, na ndoo ya mchanga ikae karibu. Moto wa mafuta haumwagiwi maji, hufunikwa kwa mchanga. Kinga ya upepo iwe upande mmoja au pande tatu, kamwe isizunguke kikopo cha gesi pande zote, maana joto likirudi chini kikopo hulipuka. Sufuria iwe na kifuniko. Kuongeza mafuta kwenye stovu inayowaka au yenye moto bado ni marufuku. Zima, ngoja ipoe, kisha jaza. Wanaotumia jiko la spiriti wakumbuke kwamba mwali wake hauonekani juani. Unadhani limezimika, unamimina, na moto unapanda hadi chupani.

Na hema. Msomaji wangu, hata ukisahau mengine yote, hili lishike. Jiko lolote, liwe la makaa, la gesi, la mafuta au la kopo, haliingii hemani, hata mvua ikinyesha, hata kama ni dakika tano. Moto uliokosa hewa hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na aliyeivuta husikia kichwa kizito na usingizi. Analala. Kila mwaka magazeti yetu huandika habari za watu waliokutwa asubuhi ndani ya chumba kilichofungwa na jiko la makaa katikati. Makaa yaliyofunikwa majivu, yanayoonekana yamekufa, ndiyo mabaya zaidi. Jambo hili ni la bwenini pia, na naomba walioficha vijistovu chini ya vitanda wasijifanye hawakusoma ukurasa huu.

Asubuhi mwagia majivu maji, koroga, gusa kwa mgongo wa mkono. Kama bado ni ya moto, hamjaondoka. Mkishapoza jiko, lifungeni ndani ya gunia ili masizi yasiingie katika nguo. Mafuta yawe katika dumu dogo lenye kifuniko cha kukaza, nje ya shanta, na yule anayebeba dumu asibebe mchele. Mchele ulionusa mafuta taa hauoshiki, hata ukiuosha na Tana nzima.